Nundu mbili kwenye grafu moja: kisa cha kutambua kombe wa ufukwe wa mchanga

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanzania Bara. Jina la kijiji, la mradi na la watu waliohusika yameondolewa, pamoja na miezi na mambo mengine madogo yasiyobadilisha hoja. Kilichobaki ni kile kinachoweza kumsaidia mtu mwingine anayehesabu kombe ufukweni. Mimi niliingia kazi ikiwa katikati, kwa kuombwa nizipitie takwimu kabla hazijapelekwa kwenye mkutano wa kijiji.

Usuli

Ufukwe wenyewe ni wa mchanga, umekingwa kiasi na mwamba wa matumbawe ulio mbali, na maji ya bamvua yakitoka hubaki uwanja mpana. Wanawake na watoto wameokota kombe hapo tangu zamani. Ni kitoweo cha siku; kinachozidi huchemshwa, hutolewa kwenye magamba na kuuzwa kwa vikombe kwa majirani. Wenye mitumbwi na nyavu hawakuwahi kuihesabu kazi hiyo kuwa uvuvi, na ndiyo maana daftari la BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe, lilikuwa na samaki, pweza na kamba, wala halikuwa na ukurasa wa kombe.

Malalamiko yalianza kwa waokotaji wenyewe. Walisema wanachokoa muda mrefu na beseni halijai. Viongozi wa BMU, ambazo zinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, waliamua kwamba kabla ya kuweka kanuni yoyote wahesabu kwanza. Uamuzi huo ulikuwa mzuri na nausifu, kwa sababu vijiji vingi huanza na katazo halafu hutafuta sababu baadaye. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akisoma sayansi ya bahari alipewa kazi ya kuongoza kipimo, na vijana wanne wa kijiji wakafundishwa kumsaidia.

Kombe waliohusika ni wadogo, wengi wao hawazidi sana sentimita 3. Si wale wakubwa wenye mbavu, *Anadara antiquata*, wanaopatikana kwenye mchanga wenye tope karibu na majani ya bahari. Hao kila mtu wa pwani anawajua: gamba nene lenye mbavu zilizonyooka na utando wa kahawia kama manyoya, na ukimfungua damu yake ni nyekundu. Wala si *Gafrarium pectinatum*, mwenye gamba la chembechembe zilizopangana kama ushanga. Hao wawili waliwekwa kwenye safu zao tangu siku ya kwanza bila ubishi. Tatizo lilikuwa kwa wadogo wasio na mbavu.

Kipimo kilivyofanyika

Mistari mitatu ilivutwa kutoka alama ya maji makuu hadi ukingo wa maji kupwa. Kila baada ya umbali uliopangwa, fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita iliwekwa, mchanga ukachimbwa kina cha sentimita 15 na kuchekechwa kwenye maji. Chekeche ilikuwa na matundu ya milimita 5. Kila kombe alipimwa urefu kwa kalipa, akaandikwa, akarudishwa. Ulipimwa urefu peke yake; kimo na unene havikupimwa, na hakuna kombe aliyehifadhiwa.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja kwa kombe wadogo, umeandikwa tayari: *Donax faba*. Jina hilo lilipatikana hivi. Kabla ya kuanza, mwanafunzi alimpiga picha kombe mmoja mwenye rangi ya zambarau na miale myeupe, akamtumia mtaalamu. Mtaalamu akajibu kwamba ni *Donax faba*, kombe wa kawaida wa fukwe za mchanga za Bahari ya Hindi, na akaongeza tahadhari: usidanganywe na rangi, kwa sababu spishi hii ina weupe, wa kahawia, wa machungwa na wa zambarau, wenye miale na wasio na miale, na wote unaweza kuwakuta kwenye fremu moja.

Jibu hilo ni sahihi kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, na tahadhari yake ni ya kweli. Lakini lilimhusu kombe mmoja aliyepigwa picha. Lilipofika ufukweni liligeuka kuwa ruhusa: kombe yeyote mdogo asiye na mbavu, hata awe mweupe kabisa na mkwaruzo, akaingizwa kwenye mstari uleule, kwa kuwa "rangi haijalishi".

Grafu na maelezo yake

Urefu wote ulipowekwa kwenye grafu zilitokea nundu mbili zilizoachana. Moja ilikuwa ya wadogo, ya pili ya wakubwa, na katikati, karibu na milimita 25, kombe walikuwa wachache sana. Mwanafunzi alizisoma kama alivyofundishwa darasani: vizazi viwili. Nundu ya kwanza ni watoto wa msimu uliopita, ya pili ni wazazi, na pengo la katikati linaonyesha kwamba kuna msimu ambao watoto hawakufanikiwa au waliokotwa mapema mno.

Usomaji huo si wa kijinga. Katika elimu ya uvuvi, nundu kwenye grafu ya urefu mara nyingi huwa ni vizazi, na njia nyingi za kukadiria ukuaji zimejengwa juu ya jambo hilo. Zaidi ya hapo, kila kilichoonekana ufukweni kilipata nafasi yake ndani ya maelezo. Wadogo walikuwa na rangi na ulaini. Wakubwa walikuwa weupe wenye mikunjo. Ikaandikwa kwamba akikua hupauka na kukwaruzwa na mchanga. Wakubwa walikutwa zaidi sehemu ya juu ya ufukwe, wadogo chini kidogo karibu na mawimbi. Ikaandikwa kwamba akikomaa hupanda juu. Wadogo walikuwa na umbo la kabari, wakubwa umbo la pembetatu iliyojaa. Ikaandikwa kwamba hubadilika umbo kwa umri.

Hapo ndipo niliposimama niliposoma ripoti. Maelezo matatu tofauti, ya rangi, ya mahali na ya umbo, yote yalihitajika ili nundu mbili zibaki kuwa mnyama mmoja. Hakuna hata moja lililojaribiwa.

Pendekezo la milimita 25

Ripoti ilipendekeza kwa kijiji mambo mawili. La kwanza, kombe yeyote aliye chini ya milimita 25 arudishwe mchangani akue. La pili, ufukwe ufungwe kwa miezi mitatu, kama vijiji kadhaa vya pwani vinavyofunga bahari kwa ajili ya pweza.

Msomaji aushike vizuri mpaka huo wa milimita 25, kwa sababu uzito wote wa kisa uko hapo. Uliwekwa kwenye pengo kati ya nundu mbili. Kama nundu ni vizazi, kanuni inalinda watoto. Kama nundu ni spishi mbili, kanuni inalinda spishi moja yote, watoto na wazazi wake, na kuelekeza kila mkono wa kijiji kwa spishi ya pili.

Mazungumzo na waokotaji

Kabla ya mkutano wa kijiji kulikuwa na kikao kidogo cha waokotaji, kilichoitishwa ili waelezwe kanuni inayokuja. Niliomba kibadilishwe kidogo: badala ya kuwaeleza, tuwape sahani za sampuli na kuwauliza wanachokiona. Mwanafunzi alimsogelea mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa pembeni.

"Shikamoo bibi. Hawa wadogo ndio watoto tunaotaka waachwe wakue."

"Marahaba, mwanangu." Akawageuza kwa kidole. "Hawa hawakui zaidi ya hapa. Nawaokota tangu sijaolewa."

Wenzake wakamuunga mkono, kila mmoja kwa lake. Mmoja alisema wale wa rangi ukichelewa wamekwisha kujichimbia, lakini weupe wanakungoja. Mwingine alisema wa rangi huwatafuti kwa kuchimba, unawasubiri pale wimbi linapofuta mchanga. Lililonishtua zaidi lilisemwa kama jambo la jikoni: msimu wa kunona, wale wadogo hunona kama wakubwa, ukiwafungua nyama imejaa.

Kombe anayenona namna hiyo mara nyingi ni kombe aliyejaza mbegu au mayai. Mfuko wa uzazi huenea mwilini na kuifanya nyama ionekane nono na nyeupe. Mtoto hanoni hivyo. Kama "watoto" wa grafu wananona kwa msimu, basi ni wazima.

Uamuzi wa kwanza ulifanyika jioni hiyo. Mwenyekiti wa BMU alikubali pendekezo lisifikishwe kwenye mkutano wa kijiji hadi magamba yafunguliwe. Haikuwa rahisi kwake. Tarehe ilishatangazwa na mradi ulikuwa unasubiri taarifa. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiongozi anayewajua watu wake: kanuni ikishapitishwa na ikaonekana si sahihi, inayofuata haitasikilizwa hata ikiwa sahihi.

Kufungua magamba

Siku iliyofuata maji yalipokupwa tulichukua kombe wa sahani zote mbili, wakachemshwa, nyama ikaliwa, magamba yakabaki mezani. Kuanzia hapa jambo lilikuwa wazi, na nalieleza kwa urefu kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo mtu anaweza kuirudia mwenyewe popote.

Chaza na kombe wote wana magamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba. Kwenye bawaba ya kombe kuna meno, yanayozuia magamba yasiteleze, na kano, yaani kitu cha kahawia kinachonyumbuka, kinachoyasukuma magamba yafunguke misuli ikilegea. Mahali kano ilipokaa na namna meno yalivyopangwa hubadilika kidogo sana ndani ya jamii moja. Rangi hubadilika, mikwaruzo hubadilika, ukubwa hubadilika; bawaba inakaa vilevile.

Kwenye wadogo wenye rangi, kano ilikuwa nje, tuta dogo la kahawia nyuma tu ya ncha ya gamba, kwenye upande mfupi. Gamba lenyewe ni kabari: upande mmoja mrefu uliochongoka kiasi, mwingine mfupi uliokatika ghafla. Kwa *Donax* upande mrefu ndio wa mbele, ule anaotangulia nao anapojichimbia. Watu wengi hudhani kinyume. Ndani ya gamba kuna mstari hafifu unaoonyesha mahali utando wa mwili ulipojishikiza, na kwa nyuma mstari huo unaingia ndani kama ghuba yenye kina. Ghuba hiyo ni nafasi ya kurudishia mirija ya kuvutia maji. Huyu kweli alikuwa *Donax faba*.

Kwenye weupe wakubwa, nje hapakuwa na tuta lolote la maana. Kano ilikuwa ndani, imekaa kwenye kishimo cha pembetatu katikati ya bawaba, chini ya ncha, meno mafupi yenye nguvu yakiwa kila upande. Gamba ni zito kwa ukubwa wake, umbo la pembetatu iliyoviringika, karibu sawa pande zote mbili, lenye mikunjo isiyo sawasawa inayofuata ukingo, na ndani jeupe tupu. Ghuba ya mstari wa ndani ni fupi. Huyu ni *Atactodea striata*, wa jamii ya Mesodesmatidae, ambaye hata si jamaa wa karibu wa *Donax*. Anapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Huko New Caledonia naye ni kombe wa kuliwa, na anaishi sehemu ya juu ya eneo la maji kujaa na kupwa. Kwenye orodha za zamani utamkuta ameandikwa *Atactodea glabrata*.

Spishi hizi mbili zilipewa majina ya kisayansi mwaka mmoja na mtu mmoja, Johann Friedrich Gmelin, mwaka 1791. Yeye hakuzichanganya: mmoja alimweka kwenye *Donax*, mwingine kwenye *Mactra*. Ndiyo maana leo jina la Gmelin huandikwa ndani ya mabano baada ya *Atactodea striata* na bila mabano baada ya *Donax faba*. Mabano yanasema kwamba spishi ilihamishwa kutoka jenasi iliyowekwa mwanzo.

Ilibidi pia tuhakikishe kwamba weupe si *Mactra* kweli, maana jamii hiyo nayo ina kano ndani ya kishimo. Kuona kishimo tu hakutoshi. Magamba ya *Mactra* kwa kawaida ni mepesi na membamba, na kwenye gamba la kushoto jino la kati lina umbo la V iliyopinduliwa. Ya kwetu yalikuwa mazito na hayakuwa na jino hilo.

Mistari ya ukuaji ilivyoikanusha hadithi ya umri

Mwanafunzi hakukubali mara moja, na alikuwa na haki. Aliuliza: je, kano haiwezi kuhamia ndani kombe anapozeeka? Nilipenda swali hilo kuliko kukubali kwa adabu.

Jibu liko kwenye gamba lenyewe. Kombe hatupi gamba la utotoni. Huongeza ukingo kila anapokua, na kila ukingo wa zamani hubaki kama mstari. Mistari iliyo karibu na ncha ni umbo lake alipokuwa mdogo. Kama mweupe mkubwa aliwahi kuwa kabari yenye rangi, basi mistari ya karibu na ncha yake ingechora kabari. Tuliichagua ile isiyolika sana, tukaifuatilia kwa lenzi ya mkononi. Ilichora pembetatu ya kuviringika, ndogo na ndogo zaidi, hadi kwenye ncha. Alikuwa na umbo hilo tangu mwanzo.

Rangi nayo ilitoa ushahidi, ingawa dhaifu zaidi. Rangi ya utotoni ingebaki karibu na ncha, lakini hapo ndipo gamba hulika zaidi, hivyo kukosekana kwake nje hakuthibitishi kitu. Kwa hiyo tulitazama pia ndani, ambako mchanga haukwaruzi. Magamba mengi ya *Donax* yalikuwa na doa la zambarau au kahawia ndani. Ya *Atactodea* hata moja halikuwa nalo.

Chekeche ya matundu madogo

Lilibaki swali moja. Kama weupe ni spishi yao, watoto wao wako wapi, mbona grafu haikuwaonyesha?

Walipita kwenye chekeche. Matundu ya milimita 5 yaliruhusu watoto wa spishi zote mbili kurudi mchangani bila kuonekana, na wachache waliobaki, weupe wadogo, walikuwa wameandikwa kuwa *Donax* wa rangi nyeupe. Tulirudia fremu chache kwa chekeche ya milimita 1, na mchanga uliochekechwa ukatazamwa taratibu kwenye beseni jeusi. Walikuwapo weupe wadogo wa pembetatu na kabari ndogo za rangi, kila mmoja akifanana na wakubwa wake. Mwanafunzi aliwapanga kwa ukubwa kwenye meza, safu mbili, na hapakuwa na haja ya kumwambia mtu chochote tena.

Uamuzi uliofuata na matokeo

Kanuni ya milimita 25 iliondolewa. Kama ingepita, *Donax* wasingeokotwa kabisa, kwa kuwa karibu wote, wazima na watoto, walikuwa chini ya mpaka. Na uokotaji wote ungehamia kwa *Atactodea* wakubwa, yaani wazazi wa spishi inayoishi kwenye ukanda mwembamba wa juu, isiyokimbia, na inayofikiwa hata siku za maji mafu. Kijiji kingekuwa kinamaliza spishi moja huku kikiamini kinalinda watoto.

Kufunga ufukwe kuliahirishwa bila kufutwa. BMU ilisema haijajua bado ni yupi kati ya wawili aliyepungua, na bila kujua hilo haiwezi kuchagua mwezi wa kufunga. Waokotaji walikuwa na maoni kwamba ni weupe ndio waliopungua, na ukitazama jinsi wanavyopatikana kirahisi, naelekea kuwaamini. Lakini maoni hayo nayo yalistahili kuhesabiwa.

Fomu mpya ina safu mbili, kimo kinapimwa pamoja na urefu, na kila siku ya kipimo kombe wachache wa kila aina wanahifadhiwa kwenye mfuko wenye tarehe na namba ya fremu. Grafu za msimu uliofuata zilitoka tofauti na ile ya kwanza kwa namna ambayo kila mtu kijijini aliweza kuona: kila spishi ilikuwa na nundu yake kubwa moja, na kila moja ilikuwa na watoto wake upande wa kushoto.

Kilichosaidia

Jambo lililookoa kazi ni kuchelewesha uamuzi. Ushahidi wote ulikuwepo ufukweni muda wote. Kilichohitajika ni siku chache za kutazama kabla neno halijawa sheria ndogo ya kijiji. Nampa mwenyekiti sifa hiyo yote.

La pili ni namna waokotaji walivyoulizwa. Kwenye kikao cha awali, kabla sijafika, waliulizwa kama wanakubali watoto waachwe, nao wakasema ndiyo. Nani atasema watoto waokotwe? Swali lilikuwa limebeba jibu. Walipowekewa sahani na kuulizwa wanaona nini, walisema waliyoyajua miaka mingi: mwendo, mahali, kunona. Hawakutaja bawaba, na hawakuhitaji kuitaja. Mambo matatu waliyoyasema yalitosha kumfanya mtu afungue gamba.

Swali la mwanafunzi kuhusu kano kuhama nalo naliweka hapa. Bila swali hilo tungebaki na tofauti ya bawaba tu, na mtu mwenye shaka angeweza kusema ni ya umri. Mistari ya ukuaji ndiyo iliyofunga mlango huo.

Kilichoshindikana

Jina liliandikwa kwenye fomu kabla ya kazi kuanza. Kijana anayepima, akiwa na maji hadi magotini na mistari mingine inamngoja, ataandika kwenye nafasi aliyopewa. Fomu haikuwa na nafasi ya "sijui", kwa hiyo hakuna aliyeandika sijui. Kama ingekuwapo, weupe wa kwanza wangeangukia humo siku ya kwanza.

Picha ilikuwa ya upande wa nje na ya kombe mmoja. Watu wengi hutuma picha za namna hiyo, kwa mtaalamu au kwenye programu za simu za kutambua viumbe, na jibu likirudi hupakwa kwa kila kinachofanana. Kombe wanahitaji picha za nje, za ndani ya magamba yote mawili, za bawaba kwa karibu na za upande wa nyuma wa ncha, na kipimio kando. Na picha zitumwe za yule anayetofautiana na wenzake, kwa kuwa huyo ndiye mwenye swali.

Kupima urefu peke yake ni hasara iliyoendelea kuuma. Kama kimo kingeandikwa, ingewezekana kurudi kwenye daftari la msimu wa kwanza na kuwatenganisha wengi kwa uwiano wa kimo na urefu, maana kabari na pembetatu hazilingani. Bila kimo na bila kombe aliyehifadhiwa, hakuna namna. Tulijaribu njia ya pembeni: lundo la magamba nyuma ya jiko la familia moja, ambalo mama mwenye nyumba alituruhusu tulichambue. Lilitupa picha nzuri ya kinacholiwa, kwa sababu magamba matupu yanaonyesha bawaba bila shida, na weupe walikuwa wengi zaidi. Lakini lundo la jikoni ni chaguo la mwokotaji, wala si hesabu ya ufukwe.

Kuwatenganisha bila kuwaua

Vijana sasa wanafanya hivi. Kombe anashikwa kwa vidole viwili, ncha ikielekezwa juu, anasuuzwa mchanga. Kwanza wanatazama kama pande mbili za ncha zinalingana. Kisha wanatazama upande mfupi, nyuma kidogo ya ncha, kwa lenzi: tuta la kahawia lipo, au halipo. Lipo na gamba ni kabari laini, anaingia kwa *Donax*. Halipo na gamba ni zito, la pembetatu, anaingia kwa *Atactodea*. Rangi haiulizwi. Mmoja akikataa kuingia popote, au akiwa mdogo mno kwa lenzi, anaandikwa kwenye safu ya tatu ambayo fomu ya kwanza haikuwa nayo, na anawekwa kwenye mfuko ili afunguliwe baadaye mezani. Kombe wengine wote wanarudishwa mchangani palepale walipotolewa, kwa sababu mita chache juu au chini zinamhamisha nje ya ukanda wake.

Daftari la msimu wa kwanza halikutupwa. Juu ya kila ukurasa limeandikwa kwa kalamu nyekundu "spishi mbili zimechanganywa", na takwimu zake zinatumika kwa jambo moja tu, jumla ya kombe wadogo kwa kila fremu, ambayo bado ni kweli.